Kinanda Anakijua Tayari, Miaka 3 Chuoni Ataisomea Nini?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, barua za safu hii huelemea upande mmoja, na safari hii zimeelemea zaidi ya kawaida. Nyingi zinauliza kuhusu kusomea muziki chuoni, yaani nadharia, historia na kurekodi sauti. Nimechagua 5. Baadhi nimezifupisha, na majina nimeyaacha kama wenyewe walivyoomba.

Mwalimu, salaam. Mwanangu wa kiume amemaliza kidato cha sita na amepata alama kuu 2, za Historia na Kiswahili. Sisi wazazi tulitegemea achague ualimu au sheria, lakini yeye amesimama palepale kwamba atasomea muziki, na ametuonyesha karatasi yenye masomo ya nadharia ya muziki, historia ya muziki na kurekodi sauti. Baba yake anauliza swali ambalo na mimi sina jibu lake: mtoto anapiga kinanda kanisani tangu darasa la 6, hiyo miaka 3 ataisomea nini? Na chuo chenyewe kipo huku kwetu au mpaka ng'ambo? (Mama wa Majengo, Moshi)

Mama, nianze na la mwisho kwa kuwa ndilo jepesi. Ng'ambo si lazima. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kiko Usa River, pembeni ya barabara kuu ya Moshi na Arusha, na kina shahada ya kwanza katika muziki. Ukipanda Coaster asubuhi pale stendi ya Moshi unaweza kwenda kumwona mwanao anavyoishi na ukarudi nyumbani jua halijazama. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho hufundisha muziki katika idara yake ya sanaa bunifu. Bagamoyo iko TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na Zanzibar kuna chuo cha muziki cha DCMA ambako mtu hujifunza udi, ganuni na fidla za taarabu pamoja na nota. Alama kuu 2 ndizo mlango wa jumla wa kuingilia chuo kikuu nchini, ila kila kozi ina masharti yake juu ya hayo, nayo huchapishwa katika mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Msiyapokee masharti hayo kwa kusikia kwa watu.

Sasa swali la baba, ambalo ni zuri kuliko yeye mwenyewe anavyodhani. Mwombeni kijana akae kwenye kinanda awapigie wimbo wowote anaoupenda. Akimaliza, mwambieni kwamba waimbaji wamelalamika, wimbo uko juu mno, aushushe kidogo. Sitashangaa kidole chake kikienda moja kwa moja kwenye kile kitufe cha kushusha na kupandisha ufunguo, yaani kimo cha wimbo mzima, kisha akaendelea kupiga vilevile, kwa vidole vilevile, mahali palepale. Mkatazeni kitufe. Vijana wengi hodari niliowapokea darasani walikuwa wanaujua ufunguo 1, wakizidi sana 2, na kinanda cha umeme kilikuwa kimewafichia pengo hilo kwa miaka mingi bila wao kujua kwamba ni pengo. Nadharia ndiyo inayomfundisha mtu kwamba wimbo ni uhusiano wa sauti na sauti, wala si mahali vidole vilipozoea kukaa, na kwamba uhusiano huo unaweza kuandikwa, kusomwa na mtu ambaye hajawahi kuusikia, na kuhamishiwa popote.

Jambo jingine ambalo halimo vidoleni ni maneno. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho: tunasema mwo-KO-zi, hatusemi mwo-ko-ZI. Nyimbo za ibada zilizotafsiriwa kutoka Kijerumani na Kiingereza zilitujia na tuni zake zikiwa tayari, na mara nyingi pigo zito la mizani (fungu la mapigo) huangukia silabi ambayo Mswahili haikazii. Tumeziimba hivyo tangu utotoni mpaka masikio yamezoea. Mwanafunzi wa nadharia hurudishiwa sikio lake. Nimewahi kuona darasa likibishana nusu saa juu ya neno moja tu, "tunakushukuru", kwa sababu mtunzi kijana alikuwa ameweka pigo la kwanza la mizani kwenye "tu". Mwenzake akamwomba alitamke neno hilo kama anavyomshukuru mtu aliyempa maji ya kunywa. Akalitamka, huku akipiga meza kwa kidole, na kidole kikaanguka chenyewe kwenye "ku" ya mwisho. Basi silabi 4 za mwanzo zikageuzwa kuwa nota za haraka zinazotangulia mizani, na wimbo uliokuwa ukichechemea ukasimama. Hayo hayafundishwi na kinanda.

Kuhusu kazi sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Shahada ya muziki haina ofisi inayomsubiri. Lakini kwa upande wetu huu wa kaskazini shule za kimataifa huajiri walimu wa muziki, makanisa huhitaji viongozi wa kwaya wanaosoma nota, redio zinahitaji mafundi, na Arusha ni mji wa mikutano, ambako kila ukumbi wenye wageni wa nchi mbalimbali huhitaji mtu anayejua kwa nini maikrofoni inapiga mluzi na anayeunyamazisha kabla mgeni rasmi hajakunja uso. Aliyesoma nadharia na kurekodi kwa pamoja huwa na milango mingi kuliko aliyesoma kimoja. Sheria mnayoitaka nayo, tuseme ukweli, ina vijana wengi wanaotembea na bahasha.

Shikamoo mwalimu. Nina miaka 20, naimba sauti ya tatu katika kwaya ya usharika na napiga tarumbeta kwenye kikundi cha kanisa, ingawa tarumbeta naipiga kwa kusikia. Nota za solfa (do, re, mi) nazisoma bila shida, lakini za mistari mitano nazibahatisha. Nimeambiwa chuoni wanatumia mistari tu. Je, niiache solfa nianze upya? (Mwanakwaya, Machame)

Marahaba. Usiiache, maana umeshika kitu ambacho wenzako wengi wa mjini watakitamani.

Historia yake ni fupi. Katika karne ya 11 mtawa wa Italia aitwaye Guido wa Arezzo alichukua silabi za mwanzo za mistari ya wimbo wa Yohana Mbatizaji, ut, re, mi, fa, sol na la, akazitumia kuwafundisha waimbaji wake wasome wimbo wasioujua. "Ut" ikaja kugeuka "do" baadaye. Katika karne ya 19, Mwingereza Sarah Glover alibuni njia ya kuziandika kwa herufi, na John Curwen akaichukua, akaitengeneza zaidi na kuieneza. Wamisionari wakaisambaza kwa sababu kitabu cha herufi kilichapwa kwa gharama ndogo kuliko cha mistari, na mtu angeweza kukinakili ubaoni kwa chaki. Ndiyo maana leo mwanakwaya wa Machame na mwanakwaya wa Afrika Kusini wanaweza kusoma karatasi moja.

Nguvu ya solfa ni kwamba do yake inahama. Ufunguo wowote utakaotajwa, do ni nyumbani, ti inatamani kurudi nyumbani, fa inatamani kushuka kwenye mi. Wewe tayari unausikia uhusiano ule niliokuwa nikimweleza mama wa Majengo. Unachokosa ni macho tu. Mistari mitano yenyewe inakuonyesha mahali hasa sauti ilipo na urefu wake, na hapo solfa huchoka haraka, hasa nota zinapokuwa nyingi na mapigo yakawa ya kukatakata. Kwa hiyo usijifunze mistari kama lugha ya pili ya kukariri. Chukua wimbo mmoja unaoujua kwa solfa, chora mistari yako 5 kwenye daftari, weka do kwenye mstari wa chini kabisa, kisha uuhamishe wimbo nota kwa nota. Kesho yake weka do kwenye nafasi inayofuata juu yake, uuhamishe tena. Fanya hivyo na sauti yako ya tatu pamoja na besi, wala usikimbilie sauti ya kwanza kwa sababu ni rahisi. Kwa dakika 20 kila siku, kabla muhula haujaanza utakuwa unasoma.

Ila tarumbeta itakushtua, afadhali nikuonye mapema. Tarumbeta ya kawaida ni ya si-bemoli (B-flat): mpigaji akipiga nota ambayo vitabu vingi vya tarumbeta huiita do (hapa si do inayohama, ni jina la nota C), kinanda kitaisikia kuwa si-bemoli, toni nzima chini. Bendi za kijeshi na okestra humwandikia mpigaji nota zilizopandishwa ili asihangaike. Makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, walikotoka wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, yana vikundi vya tarumbeta vyenye desturi tofauti: wapigaji wake husoma nota kama zinavyosikika hasa, ili wasome kitabu kimoja na mpiga kinanda na waimbaji. Kwa hiyo ukikaa chuoni karibu na mwenzako aliyefundishwa jeshini, mkapewa karatasi moja, mkatoka kila mtu na lake, msigombane. Mmoja wenu anasoma kinachoandikwa, mwingine anasoma kinachosikika, na nyote mko sawa. Muulize kiongozi wa kikundi chenu ninyi mmezoea ipi.

Habari za kazi, mwalimu. Nina studio ndogo Ngarenaro, chumba cha mita 3 kwa 3, na nimebandika trei za mayai ukuta mzima. Mwaka wa 4 huu natengeneza biti na wasanii wanakuja. Nataka kwenda chuo kusoma kurekodi tu, maana ndiyo kazi yangu. Nadharia na historia naona ni kupoteza ada. Halafu nina tatizo: chumba changu kinavuma besi kwenye nota moja. Naipunguza mpaka inakaa sawa, lakini wimbo ukipigwa kwenye gari besi haipo kabisa. Kosa ni la spika? (Prodyuza, Ngarenaro, Arusha)

Salama, ndugu yangu. Tuzitoe lawama spika kwanza. Kosa ni la chumba, na ninaweza kukwambia nota yenyewe bila kufika kwako.

Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 20. Inapokwenda na kurudi kati ya kuta 2 zilizoachana mita 3, safari nzima ni mita 6. Gawanya 343 kwa 6 utapata takriban 57, yaani mitetemo 57 kwa sekunde. Sasa shika gitaa la besi upige kamba ya pili kwa unene, bila kuibana: hiyo ni la (A), yenye mitetemo 55. Ndiyo nota yako inayovuma, au jirani yake wa karibu. Na kwa kuwa urefu na upana wa chumba chako ni sawasawa, kuta zote 4 zinaivuma hiyohiyo kwa pamoja, na kama dari nayo iko mita 3, umejenga ngoma kamili na kukaa ndani yake. Mvumo huo huwa mkubwa kabisa ukutani na hupungua sana katikati ya chumba. Wewe, nadhani, umesukuma meza hadi ukutani au kiti chako kimegusa ukuta wa nyuma, kwa hiyo unasikia besi ambayo imezidishwa na chumba, unaikata, na gari, ambalo halina ukuta wako, linapokea wimbo uliokatwa.

Trei za mayai hazina msaada hapo. Wimbi la nota ile lina urefu wa karibu mita 6, na trei ina unene wa sentimita chache. Ni sawa na kulizuia lori kwa kamba ya kuanikia nguo. Zinachokifanya ni kumeza kidogo sauti kali za juu, basi, chumba kikabaki kizito chini na kifu juu. Kuzuia kelele za bodaboda nje ndiyo kabisa haziwezi, kwa maana kinachozuia kelele ni uzito wa ukuta na kuziba matundu. Na zinashika moto upesi. Zibandue. Weka kwenye pembe za chumba, kutoka sakafuni hadi darini, vifurushi vinene vya sufi au pamba iliyofungwa ndani ya kitambaa kinachopitisha hewa, vya unene wa sentimita 30 au zaidi, kisha sogeza kiti chako mbele, masikio yawe kama mita 1 na robo kidogo pungufu kutoka ukuta unaoutazama. Besi haitatulia yote, lakini utaacha kudanganywa kiasi hicho.

Umeona nilichofanya? Umeniuliza swali la kurekodi, nami nimekujibu kwa hesabu ya mitetemo na jina la nota. Hiyo ndiyo nadharia unayotaka kuikwepea ada.

Na historia je? Nikupe mfano mmoja tu, ila nitaukalia. Tuseme Mgogo amekuja kwako kutoka Dodoma na zeze lake. Wagogo huimba kwa sauti kadhaa zinazopishana, na ngazi yao ya sauti inafuata vipatanishi vya asili, yaani zile sauti ndogondogo zinazojificha ndani ya sauti moja ya kamba au ya koo. Kipatanishi cha 7 katika mfululizo huo kiko chini ya nota inayolingana nacho kwenye kinanda kwa karibu theluthi ya nusu toni. Kinanda hakina kitufe cha sauti hiyo. Wewe usiyejua hayo utaisikia nota ya mzee, utasema "hapa katoka nje," utafungua programu ya kunyoosha sauti, mfano wa Auto-Tune iliyotoka mwaka 1997, na kwa kubofya mara 1 utamvuta hadi kwenye kinanda. Mashine itakutii, kwa sababu haijui Ugogo ni wapi. Hukurekebisha kosa, umefuta ngazi ambayo watu wameitunza kwa vizazi, na umeifuta kwa nia njema. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, alizunguka dunia na sauti zilezile ambazo programu yako ingemnyoosha. Ili usimguse unahitaji nadharia ikwambie tofauti ni kiasi gani, historia ikwambie tofauti hiyo ni ya nani, na ufundi wa kurekodi uinase bila kuiharibu. Ukiwa na cha tatu peke yake, ndipo unapokuwa hatari.

Mfano wa karibu zaidi na Ngarenaro: X Plastaz, kundi la hapo Arusha, liliunganisha hip hop na uimbaji wa Kimaasai. Kwa Wamaasai mwimbishaji, olaranyani, hutangulia na wenzake humwitikia kwa pumzi nzito za kooni, na hakuna ngoma. Ngoma ni pumzi yenyewe na miguu. Ukiwaingiza mmojammoja kwenye kibanda chako na hedifoni, utapata sauti safi isiyo na uhai, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akishika mapigo kwa kumwona mwenzake. Wasimamishe nusu duara, maikrofoni 2 mbele yao, uwaache. Hugh Tracey, aliyepita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ngoma na nyimbo za makabila, mara nyingi aliishika maikrofoni mkononi na kuisogeza kwa aliyetakiwa kusikika. Rekodi hizo zipo hadi leo katika maktaba aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954.

Kuna na hili. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, upande mmoja wa sahani ya santuri ulibeba kama dakika 3 na ushei. Taarabu ya barazani haikuwa na saa. Kwenye sahani ililazimika kufupishwa au kugawanywa pande 2. Halafu zikaja kanda, na kwa miongo kadhaa bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, waimbaji, magitaa na tarumbeta wote chumba kimoja kwa wakati mmoja, ndiyo maana nyimbo zile hupumua na hurefuka mpaka sehemu ya kucheza. Wewe leo huna sahani wala kanda, kompyuta yako ingeweza kurekodi saa 10 mfululizo, na bado biti zako zinaishia dakika 3. Nani aliyekupimia? Ni afadhali ujue, hata kama utaamua kubaki na dakika zako 3.

Mwalimu, mimi ni katibu wa kwaya Tengeru. Tulirekodi nyimbo 8 kwa fedha za michango yetu, zote za mwalimu wetu wa kwaya. Sasa mwenye studio anasema kazi ni yake kwa kuwa mafaili yako kwake na yeye ndiye "aliyezipika". Binti yetu anayekwenda kusomea kurekodi, je, atafundishwa haya?

Atafundishwa, na chuo kisichofundisha hayo kinatoa mafundi wa kugombana na watu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatenganisha vitu ambavyo mwenye studio wenu amevifunga furushi moja. Tuni na maneno ni ya mtunzi, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Waimbaji wana haki zao juu ya uimbaji wao. Rekodi yenyewe nayo ina haki ya mtayarishaji, na mtayarishaji ni yule aliyeianzisha na kuibeba kazi ile, ambaye si lazima awe aliyebonyeza vitufe. Kuwa na mafaili ni kuwa na mafaili. Fundi cherehani hamiliki suti kwa sababu imelala kwake.

Hata hivyo, kama mlimlipa bila karatasi, mmejitengenezea ugomvi wa neno kwa neno. Tafuteni risiti, ujumbe wa simu, chochote kinachoonyesha nani aliagiza na nani alilipa, mwalimu wenu aandikishe nyimbo zake COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kisha mzungumze naye mkiwa na ushahidi huo. Safari nyingine mkataba uandikwe kabla ya maikrofoni kuwashwa, na useme wazi kwamba mtakabidhiwa wimbo uliokamilika pamoja na faili la kila sauti na kila ala peke yake. Bila mafaili hayo, siku mkitaka kuongeza tarumbeta moja mtaimba upya nyimbo zote 8.

Shikamoo mwalimu. Naanza chuo muhula ujao na nina akiba kidogo. Ninunue kwanza laptopu, maikrofoni au kinanda? (Binti wa Sakina, Arusha)

Marahaba, mwanangu. Nunua hedifoni nzuri, za kufunika sikio lote, na daftari la nota. Laptopu ifuate baada ya kujua chuo chenu kinatumia programu gani. Maikrofoni ngoja: zile za kondensa zinazopendeza madukani zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye mashine ya kurekodia, na katika chumba cha kupanga zitanasa jogoo, jirani na mvua ya bati kwa usawa na wewe. Ukilazimika, chukua ya dainamiki, uimbe ukiwa karibu nayo.

Kuna kosa langu mwenyewe ambalo hedifoni zingeniokoa, nilisimulie. Miaka ya nyuma nilirekodi kwaya ya vijana, nikapima sauti wakiwa wanajaribu kwa uvivu, nikapandisha mpaka mishale ya kipimo cha sauti ikagusa juu, nikajiona fundi. Siku yenyewe wakaimba kwa moyo. Kurekodi kwa kompyuta kuna dari ngumu, sauti ikilifikia hukatwa kichwa na hairudi tena. Kila kiitikio kilitoka kimepasuka kama spika ya mnadani, na kwa kuwa nilikuwa nikiangalia mishale badala ya kusikiliza, niligundua nikiwa nyumbani. Tangu hapo naacha nafasi ya desibeli 12 hadi 18 juu ya sauti kubwa ninayoitegemea, na narekodi kwa biti 24 (biti za kompyuta, si za midundo), ambazo zina nafasi ya kutosha chini hivi kwamba hakuna kinachopotea. Kwaya ile iliimba upya, kwa upole wao, bila kunidai nauli.

Na hedifoni hizo usizifungulie mpaka mwisho. Kiwango kinachotumiwa na wataalamu wengi wa usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Ukimaliza zoezi la usiku ukasikia mluzi mwembamba masikioni huku chumba kiko kimya, umezidisha. Pumzika kutwa ya kesho yake, na mara nyingine ushushe sauti mpaka umsikie anayekuita kutoka mlangoni.